Kiraka cha Mgeni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ukimuuliza anafanya kazi gani hakikisha huna haraka. Ataanza na asichofanya. Hauzi kompyuta, hafundishi kompyuta, na tafadhali usimletee simu yako iliyoingia maji. Asubuhi huenda kwenye ofisi moja ya bima kutengeneza printa zinazotafuna karatasi, lakini hiyo, atakwambia, ni ya kutia mkono kinywani tu. Kazi yake hasa inaanza mchana, akisharudi, akavua viatu mlangoni, akaingia kwenye kichumba kilichokuwa stoo na kuketi mbele ya kompyuta ya mezani yenye feni inayonguruma mpaka sisi tulioko barazani tunapaza sauti ili tusikilizane.

Kazi yenyewe ni programu ya kupanga picha. Unaiweka kwenye kompyuta yako, unaimwagia picha zako zote, za juzi na zile za enzi za bibi ulizoziskani, nayo inakupangia kwa tarehe na kwa sura za watu. Haiuzwi. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichukua bure, kuifungua ndani aone ilivyotengenezwa, na akiwa na akili na muda, kuirekebisha. Wenyewe huiita programu huria. Dada yangu huiita sadaka isiyokwisha.

Mimi na dada ni mafundi cherehani. Mashine zetu mbili ziko barazani, meza ya kukatia iko katikati, na mlango wa stoo ya shemeji uko nyuma ya migongo yetu. Akipiga chafya tunampa pole bila kugeuka. Kwa hiyo ya nyumba ile nayajua, na hili ninalosimulia sikuhadithiwa na mtu.

Mambo yao yanakwenda hivi. Mtu akiona kasoro kwenye programu, akairekebisha mwenyewe huko kwake, hutuma marekebisho hayo kwa wenye programu. Hicho wanakiita kiraka. Wenye programu hapa ni wawili: shemeji, na mwenzake wa nchi ya mbali anayejiita Bundi, ambaye shemeji hajapata kumwona uso ingawa wanaandikiana kila siku kama ndugu wa tumbo moja. Wao ndio husoma kiraka, wakakipokea au wakakikataa. Kikipokelewa, jina la aliyekituma linaingia kwenye historia ya programu, na halifutiki humo.

Na jambo ambalo shemeji alijivunia kuliko yote ni kwamba hakuna anayeulizwa yeye ni nani. Alilihubiri hilo mezani mpaka tukalijua kwa moyo. "Kwetu hakuna mtoto wa fulani," alikuwa akisema, kijiko kikiwa hewani. "Uwe profesa, uwe mfungwa, uwe umejiita Chura. Sisi tunaangalia kazi yako. Kazi nzuri inaingia, kazi mbaya inabaki nje." Dada alikuwa akiitikia "mmh" huku anahesabu vifungo vya mteja kichwani. Aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yote mawili ni Kitinda.

Kitinda ni kitindamimba wao, ndipo jina lilipotoka. Wakubwa zake walishaondoka, mmoja anauza vipuri vya magari, mwingine kaolewa, na wote wawili kompyuta kwao ni kitu cha kuangalia mpira. Huyu wa mwisho alikulia miguuni pa kiti cha baba yake. Alijua kuandika programu kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe, na hakufundishwa na mtu, aliokota tu vilivyokuwa vinadondoka. Shemeji alikuwa na ndoto moja katika maisha yake, na hakuificha: mmoja wa watoto wake aje akae kwenye kiti cha pili mle stoo. Kiti cha pili kilikuwepo kweli. Kilikuwa kimejaa nyaya.

Kitinda alipomaliza shule, njia zilikuwa mbili. Kulikuwa na chuo cha kompyuta hapa hapa mjini. Na kulikuwa na shangazi yake, dada wa shemeji, mwenye duka la dawa mji wa mbali, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akimtaka akaishi naye, asomee ufamasia huko na hatimaye ashike duka. Shangazi alitaka jibu kabla masomo hayajafunguliwa. Shemeji alisema mtoto achague mwenyewe, yeye hamlazimishi, na alivyosema hivyo macho yake yalikuwa yanamlazimisha kabisa.

Basi mchana mmoja msichana akaja barazani, akakaa kwenye ukingo wa meza yetu ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nataka kumtumia baba kiraka."

"Si umwonyeshe tu?" dada akamwambia. "Yuko hapo nyuma ya mlango."

"Nikimwonyesha atakipokea."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Atakipokea kwa sababu ni mimi. Nataka akipokee hajui ni mimi. Kiingie kimoja tu, mama. Kikiingia, naenda chuo cha kompyuta. Kisipoingia, basi nitajua sina mkono wa kazi hii, naenda kwa shangazi."

Nikamwambia, "Wewe mtoto, mtihani mwingine wa nini, ile ya shule haikukutosha?"

"Mama mdogo, si ndiye anayesema kwao hakuna mtoto wa fulani? Nataka niwe sina baba, kwa siku moja."

Dada alisita, maana kumficha mumewe jambo haikuwa tabia yake, lakini mtoto alimshika mikono yote miwili na mkasi ukiwa ndani yake. Tukaapishwa. Kitinda akajipa jina la mtandaoni, Pindo. Mtu mwingine angeshtuka, mkewe anashona mapindo kutwa kucha nje ya mlango wake. Shemeji hakushtuka.

Kiraka cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kitufe fulani ambacho maneno yake yalikuwa yanakatika nusu. Alikituma akiwa chumbani kwake, akaja kukaa nasi kusubiri. Tukaacha kukanyaga mashine. Nyuma yetu tukasikia kipanya cha shemeji kikigonga mara mbili tatu, kisha akakohoa. Jibu likaingia kwenye simu ya Kitinda. Lilikuwa jibu la akiba, lile shemeji alilokuwa ameliandika zamani na kulibandika kwa kila mgeni: asante kwa mchango wako, tafadhali soma mwongozo wa wachangiaji kabla ya kutuma. Kumbe kichwa cha habari cha kiraka hakikuandikwa kwa mtindo wanaoutaka.

Kitinda alicheka. "Ana haki," akasema, "sikusoma mwongozo." Akaenda kuusoma wote, na ni mrefu kama wosia wa tajiri.

Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, cha kuharakisha utafutaji wa picha. Safari hii kila nukta ilikuwa mahali pake. Kikakaa. Siku zikapita, wiki zikapita, msichana anaangalia simu kama mtu anayesubiri posa. Shemeji alikuwa amejitengenezea kiprogramu cha kufagia: kiraka kikikaa muda fulani bila mtu kukigusa, kiprogramu hicho kinakifunga chenyewe na kumwandikia aliyekituma maneno ya adabu. Alikipenda sana kitu hicho. "Naingia mchana nakuta kumefagiliwa," alikuwa akitwambia. Na ndivyo kilivyofungwa cha Kitinda. Hakuna jicho la mtu lililokiona.

"Nimefukuzwa na ufagio," Kitinda akatuambia. Safari hii hakucheka.

Dada akasimama, mkasi mkononi, anaelekea mlangoni. Kitinda akamzuia. "Uliapa, mama." Dada akarudi kukaa, akashona mkono wa gauni la mtu nje ndani, ikabidi aufumue wote.

Nimtetee shemeji kidogo, ingawa si sana. Watu wanaochukua kitu bure wana midomo. Kila akifungua kompyuta anakuta matusi: fulani kapoteza picha zake kwa sababu hakusoma maelezo, fulani anadai kitu kifanyike leo leo kana kwamba kamwajiri, fulani anamwita mvivu. Na wageni nao, wengi huja na kelele, wanatuma kiraka kimoja, kikishapokelewa na kuharibu mambo, ukiwatafuta hawapo, na anayebaki kusafisha ni yeye. Moyo wake ulikuwa umeota sugu. Ninalomlaumu ni kwamba mezani aliendelea kuhubiri yale yale kana kwamba sugu haipo.

Kisha likaja suala la tarehe. Dada alikuwa na mkoba wa picha za zamani za familia, na Kitinda akajitolea kuziskani zote, kuzitia tarehe zilizoandikwa nyuma yake, na kuzipanga kwa programu ya baba yake. Nyingi ziliingia zimelala ubavu. Akawa anazigeuza zisimame. Ndipo akaona ajabu: kila picha anayoigeuza, programu inafuta tarehe yake na kuweka ya siku hiyo. Harusi ya bibi ikaonekana imefungwa siku ile ile. Akaenda kutazama kwenye jukwaa la watumiaji, akakuta watu wanalia na jambo hilo hilo. Kuna mama mmoja miaka yote ya mwanawe ilikuwa imemwagika kwenye siku moja. Shemeji na Bundi walikuwa wameshatafuta chanzo tangu zamani mpaka wamechoka.

Kitinda alikitafuta chanzo akakipata. Nakumbuka siku aliyokipata, alikuja barazani miguu peku, akatukumbatia mmoja mmoja hatujui kuna nini. Kosa halikuwa mahali pa kugeuza picha ambapo kila mtu alikuwa anapekua. Lilikuwa mbele zaidi, pale programu inapofunga faili, yaani inapomaliza kuihifadhi picha. Akaandika kiraka. Na kiraka kizuri, alitueleza, lazima kije na jaribio, yaani picha inayoonyesha ugonjwa, ili msomaji aone hali kabla na hali baada. Akachagua picha moja kutoka kwenye ule mkoba: shemeji akiwa kijana, amekaa stoo, mkono mmoja kwenye kibodi, mkono mwingine umempakata yeye, Kitinda, akiwa mchanga amelala kifuani mwa baba yake mdomo wazi.

"Si atakujua?" nikamuuliza.

"Picha inakuja mwisho, mama mdogo. Mpaka afike hapo atakuwa ameshaisoma kazi yote, na atakuwa ameshaamua. Akinijua baada ya hapo hainidhuru." Akatabasamu. "Nataka hata anijue."

Nilimwona alivyokuwa na furaha, na ile sura naikumbuka mpaka leo.

Akatuma. Mchana ule shemeji aliingia stoo kama kawaida. Baada ya muda tukamsikia anasema peke yake, "Ahaa!" kwa sauti kubwa. Dada akanibana goti. Tukasikia kibodi ikienda mbio, na tukafurahi kama mazuzu, tukidhani anaandika jibu. Kibodi ikaenda mchana kutwa. Ndani chumbani Kitinda alikuwa kajifungia, anasubiri.

Jibu lilipokuja lilikuwa la mstari mmoja: limeshatatuliwa kwa njia nyingine, tunafunga hiki, asante.

Alichofanya shemeji ni kitu ambacho watu wa kazi yake hukifanya kila siku na wala hawakioni kuwa ni kitu. Alisoma mistari ya juu tu, ile inayosema kosa liko pale faili inapofungwa. Mara akili ikamwaka. Badala ya kuendelea kusoma alichofanya mgeni, akakaa akakiandika mwenyewe, upya, kwa mkono wake, akakiingiza kwenye programu kwa jina lake. Cha mgeni akakifunga.

Jioni tulikula pamoja, mimi na wao watatu. Shemeji alikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona muda mrefu. Alitusimulia jambo la tarehe kuanzia mwanzo, akatutolea na mfano kwa chumvi na kikombe.

"Watu wote wanapekua huku," akasema, anasogeza kikombe, "kumbe mwizi yuko huku!"

Kitinda akauliza bila kuinua uso, "Uligundua mwenyewe, baba?"

"Kuna mtu alitupa wazo. Mgeni mmoja hivi. Lakini kazi yenyewe nimeifanya mimi."

"Yeye hakuifanya?"

"Aliifanya fanya. Sasa mwanangu, mgeni umsahihishe, umwelekeze, umsubiri arudi, siku ngapi hizo? Mara mia ufanye mwenyewe."

"Kwa hiyo kazi yake ilikuwa mbaya."

"Sijui kama ilikuwa mbaya," shemeji akasema kwa moyo mweupe kabisa, "sikuisoma mpaka mwisho."

Dada aliweka kijiko chini. Mimi nilitazama sahani yangu. Kitinda alitafuna, akameza, akaniambia, "Mama mdogo, nisogezee maji." Akanywa glasi nzima, akaomba ruhusa, akaondoka. Shemeji akauliza kama kuna mtu atamalizia chakula chake.

Kesho yake Kitinda akampigia shangazi. Dada alimsihi, akamwambia wacha nimweleze baba yako, huu ni ujinga, mtu haachi maisha yake kwa sababu ya mtu ambaye hakujua. Kitinda alikataa, bila ukali. "Angenikataa baada ya kusoma," akasema, "ningemtumia kingine. Lakini nitafanyaje kazi ambayo ndani yake hata mtu mwema kama baba anafanya hivi?"

Siku ya kuondoka shemeji alimbebea begi mpaka kituoni, akasimama naye pale anazungusha funguo mkononi. "Nilidhani utafuata kazi yangu," akamwambia.

"Kazi yako inataka watu wavumilivu, baba."

Shemeji akalipokea hilo kama sifa. Usiku wake aliturudia nalo, "Mtoto amenisifu uvumilivu wangu," na macho yake yalikuwa mekundu. Dada akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nyumba ikapoa. Shemeji alitoa nyaya kwenye kile kiti cha pili, akazirudisha. Kitinda alikuwa akipiga simu siku za mapumziko, anasema anaendelea vizuri, amejua majina ya dawa, shangazi ni mkali lakini ana huruma. Kweli alikuwa anaendelea vizuri, nisiseme uongo. Baba yake akichukua simu walizungumza habari za mvua.

Sasa Bundi hakuwepo tangu Pindo alipoanza kutuma viraka. Alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake mahali pasipo na mtandao. Aliporudi akaanza kupitia yaliyofanyika nyuma yake, kimoja kimoja, maana ni mtu wa aina hiyo. Na akamwandikia shemeji waraka mkali. Shemeji alitoka nao barazani kutusomea, amekereka, akitafuta wa kumtetea.

"Hebu sikieni. Eti Pindo alilitatua vizuri kuliko mimi. Eti njia yangu inaziba tundu moja, ya kwake inaziba matatu. Eti nimemwibia mgeni kazi yake na kumfungia mlango usoni. Mimi! Mwizi!"

Dada hakuinua kichwa. "Anasema nini kingine?"

"Anasema hata picha ya jaribio sikuitazama, nikaitazame, ni picha nzuri, baba na mtoto." Akashusha simu. "Sasa picha inahusu nini?"

"Katazame," dada akasema.

Akaingia. Feni ikanguruma. Mimi na dada tuliacha kazi, tukaketi tu mikono mapajani. Kulikuwa na mteja amekuja kuchukua sketi, dada akamwambia arudi kesho, na ilikuwa imekwisha, iko hapo imekunjwa.

Shemeji alipotoka alijishika kwenye fremu ya mlango. "Picha hii iko kwenye mkoba wako," akamwambia mkewe.

"Iko kwenye mkoba wangu."

"Nani mwingine anayo?"

"Hakuna."

Nilidhani atapiga kelele, kwa nini hamkuniambia, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu vizuri sana. Hakupiga kelele. Aliteleza taratibu akakaa kizingitini, miguu barazani, mtu mzima. Akauliza, "Na kile cha utafutaji?" Dada akamwambia ndiyo, na cha kitufe pia. Ndipo akaeleweshwa yote, kiapo, chuo, shangazi. Kila neno lilimwingia na hakujitetea hata kwa moja. Nilikuwa nimemhifadhia hasira ya miezi, nikaitafuta nisiione.

"Alikuwa hapo," akasema, anaonyesha chumba cha binti yake. "Alikuwa hapo anasubiri."

Kisha akafanya kile anachokijua. Alirudi stoo, akakiondoa kiraka chake mwenyewe kwenye programu, hadharani, akaandika sababu: nilichukua kazi ya mwingine bila kuisoma, nilikosea. Akakifungua tena cha Pindo. Akakisoma mstari kwa mstari, tunamsikia anasoma kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma dua. Akakipokea. Na ule ufagio wake akauzima, haujawashwa tena. Jina la Pindo likaingia kwenye historia ya programu, mahali palepale lilipostahili kuwa.

Akatoka na simu. Mawimbi ya simu katika nyumba ile hupatikana barazani tu, na yeye simu huzungumza kwa spika, anaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo. Nilitaka kuondoka, dada akanishika kanga.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akaisogeza simu karibu zaidi. "Umepata ujumbe wowote leo? Kwenye lile... kwenye jina lile?"

Tukasikia droo ya dukani ikifungwa. "Nimeupata," Kitinda akasema.

"Nimekosa, mama yangu. Nimekukosea sana. Nimekisoma chote, ni kazi safi, sina pa kurekebisha hata nukta. Nilikuwa nataka uwe nami, nikakufukuza kwa mkono wangu. Rudi. Chuo bado kipo. Nitamwomba shangazi yako radhi mimi mwenyewe."

"Asante, baba." Sauti yake ilikuwa laini, na ndani yake hakukuwa na hasira hata chembe, nami ningependa ingekuwepo. "Naomba nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Leo ulipokifungua, ulianza wapi? Na kazi, au na picha?"

Shemeji alitutazama, mkewe kisha mimi, kana kwamba mmoja wetu anaweza kumsaidia. Neno moja tu lingetosha. Mtu mwingine yeyote angelisema, na mimi nilikuwa nalisema moyoni kwa ajili yake, sema kazi, sema kazi.

"Picha," akasema. "Nilianza na picha."

"Basi," Kitinda akasema, "hatutajua tena, baba. Si wewe, si mimi." Kisha akaongeza haraka, kwa upole, kama anayemfunika mtu shuka, "Mteja kaingia. Mama yupo? Mwambie nampigia Jumapili."